Upendo si Kufumba Macho: Wakristo Wanapimaje Jema na Baya?

Msimu wa korosho ukikaribia, kuna maneno mawili yanayosikika sana huku Masasi, Newala na Tandahimba: mnada na upendo. La mnada linaeleweka: bei, makato, na foleni ya benki. La upendo ndilo linalotuchanganya. Karani wa chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima unaopokea korosho, akikutwa kapunguza kilo za watu, wazee wanaitwa, na wa kwanza kusimama anasema, "Sisi ni ndugu, tuyamalize kwa upendo." Mama anayepigwa na mumewe anaambiwa kuwa upendo huvumilia. Kijana akikanywa anajibu kwamba Mungu ni upendo, nyinyi mmezidi kuhukumu. Na mwenye duka anayetoa fedha mwezi wa pili ili alipwe korosho mwezi wa kumi, naye anasema anawasaidia watu kwa upendo.

Wote wanne wanaegemea Biblia ile ile, na haiwezekani wote wawe wameisoma sawasawa. Jirani zetu Waislamu, ambao huku kusini tunashirikiana nao misiba na harusi, wana haki ya kutuuliza: hivi huu upendo wenu ni sheria, au ni mlango wa nyuma wa kuikwepa sheria?

Tuanze na maana. Upendo ambao Ukristo unautaja kama mwongozo wa maamuzi si ule wa moyo kwenda mbio. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, aliuchukua ufafanuzi mfupi kutoka kwa Aristotle: kumpenda mtu ni kumtakia mema. Kumtakia kwa nia, yaani kwa uamuzi unaofuatwa na mkono. Ndiyo maana upendo unaweza kuamriwa. Hakuna anayeweza kukuamuru umfurahie jirani anayelalia mpaka wa shamba lako kila mwaka. Lakini unaweza kuamriwa usimzushie, umsaidie akiuguliwa, na ukienda naye baraza la kata useme kweli hata pale kweli inapomfaa yeye.

Na neno "mema" hapo lina uzito. Mema ya mtu si lazima yawe kile anachokuomba leo jioni. Wala si lazima yawe kile unachoona wewe kinamfaa kwa sababu kinakufaa wewe. Sehemu kubwa ya mkanganyiko wetu imejificha kwenye nafasi iliyopo kati ya hayo mawili.

Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu, Mathayo sura ya 22, alijibu kwa amri mbili: mpende Bwana Mungu wako kwa moyo wako wote, na mpende jirani yako kama nafsi yako. Akaongeza kwamba katika hizo mbili hutegemea torati yote na manabii. Watu wengi hudhani hapo alileta kitu kipya kilichofuta vya zamani. Hapana. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa tayari, ya kwanza katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, na ya pili katika Walawi sura ya 19.

Hiyo Walawi 19 inafaa isomwe yote, maana hunukuliwa mstari mmoja tu. Kabla ya kufika kwenye "mpende jirani yako" utakutana na mkulima anayeambiwa asivune mpaka pembeni mwa shamba, awaachie maskini na wageni. Utakutana na mwajiri anayekatazwa kulala na ujira wa kibarua mpaka asubuhi. Mwamuzi anaambiwa asimpendelee maskini wala asimstahi mwenye nguvu. Mstari mmoja tu kabla ya ule maarufu, unaagizwa umkemee jirani yako badala ya kumchukia moyoni. Na sura haijaisha kabla ya kutaja mizani ya haki na mawe ya haki ya kupimia. Kwa maneno mengine, amri ya upendo ilizaliwa sokoni, shambani na barazani. Aliyeitoa huko na kuiweka kwenye kadi za harusi alifanya kazi nzuri ya maua, lakini aliiondolea nusu ya maana.

Sasa upendo na amri vinahusianaje? Chukua mizani ya chama cha msingi. Mizani iliyo sahihi ikiwa mikononi mwa karani asiyekutakia mema, atatafuta namna ya kukupunja tu, iwe kwa kukwambia gunia lako lina unyevu au kwa kuandika kilo pungufu. Karani mwenye moyo safi lakini asiye na mizani atakadiria kwa macho, na makadirio yake yatakupunja vile vile, tena huku akitabasamu. Amri ni mizani. Upendo ni ile nia ya karani kutaka upate chako chote. Paulo anaposema katika Warumi 13 kwamba pendo ndilo utimilifu wa sheria, anataja kwanza usizini, usiue, usiibe, usitamani, kisha anasema yote hayo yanajumlishwa katika kumpenda jirani. Hakusema yamefutwa.

Tukishaelewa hilo, lile jibu la kijana tunaweza kulimaliza haraka. "Msihukumu" ipo kweli, Mathayo 7:1. Ila endelea mistari minne tu. Anayeambiwa aitoe kwanza boriti katika jicho lake anaambiwa pia sababu: ndipo aone vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yake. Kibanzi kinatarajiwa kutolewa. Kilichokatazwa ni kujifanya daktari wa macho huku wewe mwenyewe huoni.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Mtu yeyote anaweza kusema "nilikutakia mema", na moyo wa mtu haupimwi. Mtakatifu Agostino aliliona hilo mwanzoni mwa karne ya 5, akiwa askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Yeye ndiye mwenye ile kauli inayopenda kuandikwa kwenye fulana: penda, kisha fanya utakalo. Wanaoitumia kama ruhusa hawajasoma aya inayoitangulia. Akihubiri juu ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, Agostino alikuwa anatahadharisha kwamba tendo la nje hudanganya. Alitoa mfano wa wawili: baba anayemchapa mtoto, na mwuza watumwa anayembembeleza. Ukitazama mikono tu, alisema, utamchagua anayebembeleza.

Huku kwetu mfano huo hauhitaji mkalimani. Kilwa Kivinje na Mikindani zilikuwa bandari za biashara hiyo. Na misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876, askofu Edward Steere wa UMCA, shirika la wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza, alipowaleta watumwa waliokombolewa kuanza maisha mapya. Kuna familia zinazojua kabisa kwamba ukoo wao unaanzia kwa mtu aliyetoka utumwani. Sauti tamu si ushahidi wa upendo.

Lakini mfano huo una hatari yake upande wa pili, na ni vizuri isemwe. Ukishakubali kwamba anayeumiza anaweza kuwa ndiye anayependa, kila mwenye fimbo atakuja na hoja hiyo. Agostino mwenyewe aliishia kuunga mkono dola ya Kirumi kuwalazimisha Wadonati, Wakristo waliojitenga na Kanisa lake, warudi kwa nguvu. Kwa nia njema, bila shaka. Nia njema ikiwa peke yake haitoshi kumlinda anayependwa.

Ndiyo maana naona Injili ya Yohana inatoa kipimo kigumu zaidi. Katika sura ya 13 Yesu anawaambia wanafunzi wapendane kama vile yeye alivyowapenda, na anasema hivyo usiku ule ule wa kukamatwa, akiwa ametoka kuwaosha miguu. "Kama nafsi yako" sasa imepata mfano wa mtu aliyegharamika mwenyewe. Kutoka hapo unaweza kutoa maswali mawili ambayo hayamtegemei mtu kujisifu moyo wake. La kwanza: ni jema gani hasa linampata huyu ninayesema nampenda? La pili: gharama yake analipa nani? Lazima yaulizwe yote mawili. Likiachwa moja, lingine hupotosha.

Tuyapeleke kwa mwenye duka.

Kangomba huku hahitaji utambulisho: ni kununua korosho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla mkorosho haujatoa hata ua. Ni mwezi wa pili. Chakula cha mwaka jana kimekwisha, muhogo bado, palizi inadai nguvu, na mtoto aliyeanza kidato cha kwanza anarudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Mtu anakwenda kwa jirani mwenye duka. Jirani anamkaribisha kiti, anatoa lile daftari la kaunta, anaandika jina. Tuseme anahesabu shilingi 50,000, na mbele ya jina anaandika kilo 50. Hakuna shahidi, na hapo hapo anamwongezea sukari robo, ya watoto. Mwezi wa kumi korosho zinapookotwa, gunia la kwanza linapita uani kwake kabla ya kufika ghala la chama. Mnada ukifunga kwa shilingi 3,000, ana mzigo wa 150,000 kabla ya makato, kwa fedha aliyoitoa miezi minane nyuma. Atauuza kwa jina la mkulima fulani. Ndiyo sababu mwaka 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilianza kuhakiki nani ana mikorosho kweli.

Tumsikilize naye, maana hoja yake si ya kitoto. Atasema: benki haikumfungulia mlango, ndugu zake hawakupokea simu, mchungaji alimwombea akaondoka na njaa yake. Mimi nilitoa fedha. Mvua ingeharibu maua nisingepata kitu. Na mtoto yuko shule.

Yote ni kweli. Kwa swali la kwanza anapata alama: kuna jema lililotendeka, tena siku ambayo wengine walitoa maneno. Swali la pili ndilo linamshika. Gharama ya ukarimu huo imelipwa na mwenye njaa: shilingi 100,000 juu ya alichopewa. Na hiyo 100,000 ndiyo ingemvusha mwezi wa pili unaofuata. Msaada umetengeneza njaa ya mwakani, na njaa ya mwakani inamrudisha mteja kwenye kile kiti. Yule jirani anahitaji jirani yake aendelee kukwama. Ukishahitaji hivyo, huwezi tena kusema unamtakia mema, hata ukimwongezea sukari.

Torati haikukataza kukopesha. Ilikataza kugeuza njaa kuwa soko. Kutoka sura ya 22 inamzuia anayemkopesha maskini kumtoza faida, na inaagiza vazi lililowekwa rehani lirudishwe kabla jua halijatua, kwa kuwa ndilo anajifunika nalo. Kumbukumbu la Torati 24 inamwambia mwenye kudai asiingie nyumbani kwa mdaiwa. Asimame nje, aletewe. Hata heshima ya mlango wa maskini imelindwa. Kisha Luka 6 inakwenda mbali zaidi: kopesheni msitumaini kupata malipo.

Je, basi mwenye duka afunge biashara? Upendo hautaki hivyo, na duka likifa mtaa mzima unaumia. Akikopesha 50,000 na kurudishiwa 50,000, au na kidogo cha kufidia thamani ya fedha, ametenda jambo ambalo mwenye njaa anaweza kulimaliza na kuliacha nyuma. Na hapa lawama zisiishie kwake. Ipo mifuko ya jumuiya ndogondogo na vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo huvunja boksi, yaani kugawana akiba, Desemba, fedha za korosho zikiwa bado mikononi, halafu Februari havina kitu. Kuhamisha tarehe ya kuvunja boksi ni jambo dogo la kamati. Ni la upendo pia, ingawa hakuna atakayelitungia wimbo wa kwaya.

Sasa yule mama. Anasomewa Wakorintho wa Kwanza 13, "huvumilia yote", na anayesoma huwa ameuruka mstari uliotangulia: upendo haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli. Mtu anaweza kuyageuza maswali yetu hapa na kusema: si umesema upendo hulipa gharama? Basi mama analipa. Ndiyo maana nilisema swali la kwanza lisiachwe. Kile kipigo kinamnunulia mume jema gani? Hakuna. Kila anapopiga na kusitiriwa anazidi kuharibika, na watoto wanajifunza. Maumivu yasiyomjengea mtu yeyote hayawi msalaba kwa kuitwa msalaba. Kumtakia mema mume anayepiga ni kumzuia asipige tena, na kama kumzuia kunapita kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, basi njia ya upendo imepita polisi. Wazee wa kanisa wanaomrudisha mama nyumbani na mstari mmoja wa Biblia, gharama ya amani yao inalipwa na mbavu zake.

Karani wetu yuko karibu na hapo. Waliosema "tuyamalize kwa upendo" hawakukosea neno, wamekosea hesabu. Msamaha wa Kikristo una mfano mzuri katika Luka 19, Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru, ambaye Yesu aliingia nyumbani kwake bila masharti. Alichofanya baada ya kutembelewa ni kusema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Hakuna aliyemwambia "yaishe". Wazee wakimsamehe karani kilo ambazo si zao, wanakuwa wakarimu kwa mali ya mjane aliyekaa nyuma ya mkutano, asiye na shemeji kwenye bodi. Kupenda ndugu wa damu zaidi si dhambi, hata Tomaso anafundisha kwamba walio karibu nasi wana dai kubwa kwetu. Lakini dai hilo ni juu ya mfuko wangu. Mfuko wa jirani sina ruhusa ya kuugawa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mahubiri hulipita juu juu: upendo unahitaji ujuzi. Paulo anawaombea Wafilipi pendo lao lizidi "katika hekima na ufahamu wote". Historia ya Masasi ina mfano. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, alikuta wamisionari na wazee wakivutana juu ya jando. Njia rahisi ilikuwa kupiga marufuku. Lucas aliuliza kwanza jando linamfanyia nini kijana: linampa nafasi katika jamii, linamfundisha adabu na wajibu, linamfunga na wenzake. Ukilifuta, unafuta na hayo. Likawekwa jando la Kikristo, tohara ikabaki, mafundisho yakachujwa, wazee wakahusishwa. Kwa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, na mjadala wa unyago bado tunao: binti mdogo anafundishwa nini, na kwa umri gani? Ninawaogopa wote wawili, anayesema ni mila yetu basi iachwe, na anayesema ni ya kishetani basi ikomeshwe, kwa sababu hakuna kati yao aliyeketi na kungwi akamsikiliza.

Limebaki eneo ambalo Wakristo wenyewe hawajakubaliana. Mwaka 1966 padri wa Kianglikana wa Marekani, Joseph Fletcher, aliandika kwamba upendo pekee ndio mwema siku zote. Amri nyingine zote ni ushauri wa busara unaoweza kuwekwa kando hali ikidai. Kitabu kilileta kelele nyingi. Kwa upande mwingine, Papa Yohane Paulo II katika waraka wake wa 1993 alisisitiza kwamba yapo matendo ambayo ni maovu kwa asili yake, na nia njema haiwezi kuyageuza. Tofauti si ndogo. Kwa Fletcher, upendo unaweza kukutaka uvunje amri. Kwa Papa, anayedhani upendo unamtaka avunje amri za namna hiyo hajauelewa bado.

Chukua mama mzee aliyelazwa, majibu yamesoma saratani, na wanawe korido ya hospitali wanakubaliana kumwambia ni vidonda vya tumbo. Wanampenda, hilo halina ubishi. Wanaowatetea watakumbusha wakunga wa Kiebrania, Shifra na Pua, waliomdanganya Farao ili kuokoa watoto, na Kutoka sura ya 1 inasema Mungu aliwatendea mema. Agostino alijibu hoja hiyo zamani: Mungu aliulipa wema wao, si uongo wao. Wengine wanaona hapo anacheza na maneno.

Mimi ningeuliza yale maswali mawili. Uongo huu unampa mama jema gani? Labda majuma machache ya usingizi. Gharama analipa nani? Yeye, ambaye hatajua kwamba muda wake ni mfupi, asiitishe watoto wa marehemu dada yake, asiseme shamba la Chikundi ni la nani, asiungame. Wanaokwepa machozi ya siku moja ni wale walioko koridoni. Ila mama akisema mwenyewe, "Wanangu, sitaki kujua, semeni na daktari," basi kunyamaza ni kumtii, na hapo hata mwenye msimamo mkali juu ya uongo hana la kuwalaumu, maana hakuna aliyedanganywa.